Hori la Mida: Matembezi ya ndege yanayofuata saa ya maji

MTU anayekusudia kuwatazama ndege wa Hori la Mida, Kaunti ya Kilifi, hana budi kuuliza maji yatajaa saa ngapi kabla ya kuuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Akifika maji yakiwa yamekupwa kabisa, atakuta uwanda mpana wa matope na mchanga, na ndege wakiwa vidoadoa tu mbali upande wa pili. Akifika maji yakiwa yamejaa pomoni, atakuta bahari iliyotulia na mikoko iliyozama hadi kiunoni, na ndege wachache mno. Baina ya nyakati hizo kuna muda wa saa mbili au tatu ambapo maji yanayopanda huwaondoa ndege matopeni na kuwaleta karibu na watu. Matembezi ya vikundi yanayoongozwa na wenyeji wa Mida yamejengwa juu ya muda huo.

Hori lenyewe ni mkono wa bahari ulioingia bara kupitia mlango mwembamba kusini mwa mji wa Watamu, takriban kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Limo ndani ya eneo la bahari la Watamu linalosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo lilitangazwa kuwa eneo la ulinzi mwaka 1968. Mwaka 1979 Unesco ililiingiza eneo la Malindi na Watamu katika orodha yake ya hifadhi za viumbe na binadamu, na mwaka 2019 mipaka hiyo ikapanuliwa hadi kuuhusisha msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani.

Msomaji aliyezoea mbuga za bara huenda akadhani hifadhi ni mahali palipozungushiwa ua na watu wakatolewa. Mida sivyo. Katika mbuga ya bahari yenyewe, yaani sehemu ya matumbawe mbele ya Watamu, uvuvi ni marufuku. Horini, ambako sheria huitambua kama hifadhi na si mbuga, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mvuvi akisukuma mtumbwi wake kwa upondo na ndege akichokora matope hatua chache kutoka kwake, wote wawili wako mahali pao halali. Kikundi cha watazamaji ndicho kigeni, na hapana ubaya kikikumbuka hivyo.

Tuanze na maji, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotawala. Wenyeji wa pwani huyahesabu kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kiwango cha juu na cha chini hupita mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua katika pwani ya Kenya, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kwa hiyo kikundi kinachokuja siku ya bamvua kinatakiwa kiwe kimekwisha kujipanga ukingoni yapata saa nane mchana. Jua ni kali wakati huo na watalii wengi wangependa kuwa hotelini, lakini maji hayana habari na ratiba ya chakula cha mchana. Jedwali la maji linalochapishwa kwa ajili ya bandari ya Kilindini husaidia, ila halitoshi. Maji ya Mida hupita katika mlango mwembamba na kutandaa katika eneo kubwa, kwa hiyo sehemu za ndani hujaa zikiwa zimechelewa nyuma ya bahari ya nje. Uchelewaji huo haumo katika jedwali. Mwelekezi aliyezaliwa hapo anaujua kwa kuangalia jiwe fulani au shina fulani la mkoko, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumlipa.

Njia inayotumiwa zaidi ni daraja la mbao na kamba, lenye urefu wa mita zipatazo 260, linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye banda la kutazamia ndege lililo ukingoni mwa uwanda wa matope. Daraja hilo huyumba mtu anapokanyaga. Watu hupita mmoja nyuma ya mwingine, kwa nafasi, na anayeogopa hupewa muda wake. Njiani mwelekezi huonyesha miti, maana neno mikoko katika vinywa vya watu wa bara limekuwa jina la kila mti unaoota katika maji ya chumvi, ilhali wa pwani wanaitenga. Mkoko ndio wenye mizizi iliyopinda kama matao. Mchu hutoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni kama misumari. Mlilana hupenda kusimama mbele kabisa, mahali maji yanapopigia. Mkandaa una gome ambalo tangu zamani limetumiwa kutia rangi na kutengenezea ngozi. Boriti za miti hii zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kupelekwa Uarabuni, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Chini ya daraja kuna kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa lisilolingana na mwili. Hao si pambo. Ndicho chakula kilichowaleta baadhi ya ndege hapa kutoka maelfu ya kilomita.

Ndege anayeipa Mida sifa miongoni mwa watazamaji wa dunia ni yule anayekula kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi uliochongoka kama jambia. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Oman, Falme za Kiarabu, Iran, Yemen, Eritrea na Somalia, na namna yake ya kuzaa haina mfano miongoni mwa ndege wa matopeni: huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga uliopigwa na jua humsaidia kuliatamia. Baada ya kulea hushuka kusini kufuata pwani. Hawasubiri kaskazi kama walivyofanya mabaharia wa zamani. Wengi huwa wamekwisha kufika kabla upepo huo haujaanza kuvuma, na hukaa hadi karibu na Aprili. Mtazamaji mwenye subira anaweza kumwona kinda aliyekwisha kuruka safari hiyo yote, naye ni mkubwa sawa na mzazi, akiendelea kulia na kuomba kulishwa kaa.

Wengine ni wengi na, kwa anayeanza, wote wanafanana. Kiswahili cha kawaida huwaita vitwitwi na kumaliza. Kamusi nazo haziendi mbali zaidi, jambo la kushangaza kwa lugha iliyokulia ufukweni. Hapo ndipo kazi ya mwelekezi inapokuwa ya ualimu. Waelekezi wazuri hawaanzi na rangi, kwa sababu kati ya Septemba na Machi karibu ndege hawa wote huwa wamevaa kijivu. Huanza na mwenendo. Yupo anayekimbia hatua chache, akasimama ghafla, akatazama, akadonoa. Huyo anawinda kwa macho na mdomo wake ni mfupi. Yupo anayetembea akiuchoma mdomo matopeni mfululizo kama sindano ya cherehani. Huyo anawinda kwa kugusa, na ncha ya mdomo wake ndiyo jicho lake. Yupo anayepindua mawe na mwani. Yupo mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, anayefukuza kaa akiwa ameinama mbele kana kwamba anataka kuanguka. Na yupo sululu, mkubwa, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, unaoingia katika shimo la kaa hadi mwisho.

Urefu wa midomo hiyo ndio unaoeleza kwa nini ndege wa aina nyingi wanaweza kula katika tope moja bila kugombana: kila mmoja anafikia kina chake. Mtu akishika jambo hilo moja, ametoka Mida na elimu kuliko aliyeandika majina 40 katika daftari.

Mbali na hao kuna yangeyange weupe na wengine wa pwani wenye rangi ya majivu, kuna shakwe na buabua wanaopumzika kwenye fungu la mchanga, na heroe wakubwa huonekana pengine, japo anayewafuata heroe afadhali aende Bogoria. Kwa haya yote darubini ya kushika mkononi haitoshi. Kikundi kinachojali huwa na angalau darubini moja kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, nayo hupokezanwa.

Ndege wa kukumbukwa zaidi pengine ni mmoja wa wale wadogo. Kitwitwi anayeitwa na wataalamu Calidris ferruginea ana uzito wa gramu 60 hivi na mdomo mwembamba uliopinda kidogo. Huzaliana katika nyika za baridi za Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Kilifi, na watu wa pwani humwona kila mwaka bila kujua anatoka wapi. Ifikapo Aprili tumbo lake jeupe hugeuka jekundu kama tofali, na mwili wake hunenepa kwa mafuta atakayoyachoma safarini. Mtazamaji aliyezuru Mida mwezi wa Januari na kurudi Aprili anaweza asiamini kwamba ni ndege yule yule.

Ndege huyo yumo mashakani. Mwezi wa Oktoba 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilipotoa orodha yake mpya, ndege 16 wa matopeni wanaohamahama walipandishwa daraja la hatari kwa mpigo mmoja. Calidris ferruginea aliwekwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Pamoja naye aliwekwa mwenzake mkubwa wa kijivu mwenye makwapa meusi, Pluvialis squatarola, ambaye kabla ya hapo hakuwa akihofiwa. Yule anayepindua mawe naye aliwekwa katika kundi linaloikaribia hatari. Wote watatu huonekana Mida. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, shirika hilo hilo lilimtangaza sululu mwenye mdomo mwembamba kuwa ametoweka duniani. Huyo hakuwa wa pwani yetu. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa katika ardhi oevu ya Merja Zerga, Morocco, mwaka 1995. Hata hivyo, ni wa ukoo mmoja na sululu anayechokora mashimo ya kaa mbele ya banda la Mida.

Sababu za kupungua kwao hazimo mahali pamoja. Ndege anayezaliana Siberia na kukaa Kilifi hutegemea vituo vingi njiani, na kituo kimoja kikijazwa kifusi kwa ajili ya bandari au hoteli, vingine haviwezi kuziba pengo hilo. Uwindaji upo katika nchi kadhaa. Hali ya hewa inabadilika huko wanakotagia. Mkenya hana mamlaka juu ya hayo. Alilo na mamlaka nalo ni jambo dogo linaloonekana la upuuzi mpaka lifafanuliwe: kutowarusha.

Maji yanapojaa, ndege hukusanyika penye fungu la mchanga au kwenye matawi wasubiri tope lifunuke tena. Huo ndio wakati wao wa kupumzika, na ndio wakati watu wanapofika. Ndege akirushwa, hutumia mafuta aliyoyahangaikia kwa saa nyingi. Mara moja si kitu. Lakini mashua ikija saa tisa, nyingine saa kumi, nyingine jua likitua, na kila moja ikitaka kupita karibu ili kundi liruke na picha ipatikane, hesabu yake hulipwa Aprili, mahali fulani juu ya jangwa, ambako hapana mtu wa kuona. Kampuni nyingi za utalii huiuza Mida kama safari ya mashua ya kutazama jua likizama, na ndege ni kolezo tu. Si kosa kutazama jua. Kosa ni kudhani kwamba kundi lililoruka kwa hofu ni tamasha.

Sasa fikiria nafasi ya mwelekezi. Yeye ni kijana wa kijijini anayelipwa kwa kikundi, na bahashishi hutegemea furaha ya mgeni. Mgeni mwenye kamera kubwa anamwambia wasogee hatua 20 tu. Mwelekezi anajua kwamba ndege waliokwisha kuinua shingo na kuacha kula wako karibu kuruka, na kwamba hatua tano ni nyingi. Kumkatalia mgeni kwa adabu, huku karo ya mdogo wake ikisubiri, ni kazi ngumu kuliko kutofautisha vitwitwi. Mitihani ya chama cha kitaifa cha waelekezi, inayotoa vyeti vya shaba, fedha na dhahabu, hupima elimu. Ujasiri huo haupimwi na mtihani wowote, na vikundi vinaweza kuusaidia kwa kutangaza mapema, kabla ya kukanyaga daraja, kwamba neno la mwelekezi ndilo la mwisho.

Fedha zinazopatikana zina safari yake pia. Daraja na banda vinahusiana na mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, wa kutumia mapato ya utalii kulipia karo wanafunzi wa shule za upili kutoka familia zinazoishi kando ya hori na kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mantiki yake ni ya watu wanaozijua nyumba za huko. Muhula unapofunguliwa na mzazi hana pesa, kilicho karibu naye ni mti: wa kuchoma makaa, wa kukata boriti, wa kuuza kuni. Karo ikilipwa, sababu kubwa ya kushika shoka imepungua. Wazazi nao hutakiwa kushiriki kupanda miche na kuilinda mikoko na msitu. Mamia ya wanafunzi wamesaidiwa kwa njia hiyo. Huko Dabaso, upande mwingine wa hori, kikundi cha jamii hufuga kaa na kuendesha mgahawa juu ya mikoko, kwa wazo hilo hilo la kwamba mti uliosimama ulipe kuliko ulioanguka.

Udhaifu wake ni dhahiri. Mapato ya watalii hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusu ndege hata kidogo. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, fukwe za Watamu zilikuwa tupu, na kila mradi uliotegemea kiingilio ulibaki ukitazama bahari. Ndiyo maana vikundi vya Wakenya wenyewe, wa shule, wa vyuo na wa misikiti na makanisa, vina thamani kuliko udogo wa kiingilio chao. Desturi ya kutembea kwa kikundi kutazama ndege si ngeni nchini. Matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, chini ya chama cha maumbile kinachojulikana leo kama Nature Kenya, yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na wengi wa waelekezi mashuhuri wa Kenya walipitia hapo. Pwani imechelewa tu.

Kikundi kinachotaka kutoa zaidi ya kiingilio kinaweza kutoa hesabu. Tangu 1991 ndege wa majini wa Kenya wamekuwa wakihesabiwa kila Januari kwa uongozi wa Makumbusho ya Taifa na washirika wake, na watu wa kujitolea hukaribishwa. Kuhesabu ndege 3,000 walio katika mwendo hakufanywi mmoja mmoja. Mtu hukadiria kumi wanachukua nafasi gani katika darubini, kisha mia, kisha hulipima kundi zima kwa kipimo hicho. Ni ujuzi unaofundishika kwa mchana mmoja. Aidha, baadhi ya ndege wa Mida wamevishwa pete miguuni na watafiti. Anayeona pete yenye rangi aandike ni mguu upi, juu au chini ya goti, na rangi zimefuatana vipi, kisha ampe mwelekezi.

Mambo ya mwilini ni machache. Kofia, maji ya kunywa, viatu visivyoogopa tope, na nguo zisizong'aa. Miezi ya Oktoba hadi Aprili ndiyo yenye ndege wengi. Anayefika Juni, kusi likivuma, asikate tamaa: ndege waliozaliwa mwaka uliotangulia mara nyingi hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza, kwa hiyo matope hayabaki matupu. Katika miezi hiyo ya katikati ya mwaka buabua hutaga katika kisiwa kidogo cha mawe kilicho nje ya mlango wa hori, mayai yakiwa juu ya mwamba mtupu. Huko mwelekezi hampeleki mtu. Humwonyesha kwa darubini, akiwa ng'ambo.